Nilimkunjia Mwizi Shuka

Mdogo wangu hataki kusikia habari ya mashine ya kufulia. Anaishi Mutuini hadi leo, ghorofa ya tatu, na shuka zake huzianika juu ya paa, pale jua linapochoma hasa. Jumapili moja hivi karibuni nilimtembelea, tukala, usingizi wa shibe ukanijia, akaniambia nijilaze kitandani kwake. Nikaweka kichwa kwenye mto, na ile harufu ikanipata: sabuni ya kipande, vumbi kidogo, na jua. Kuna watu harufu hiyo huwatuliza. Mimi ilinifukuzia usingizi wote. Nililala pale macho kodo, mtu mzima mwenye watoto wawili na kazi ya ofisini Westlands, nikiogopa kuulizwa shuka ziko wapi.

Basi nitasema. Wenzangu mliolelewa kwenye ploti mtanielewa upesi, na nyinyi mliolelewa kwenye nyumba zenye ukuta wa mawe na mbwa, vumilieni kidogo.

Wakati huo Mutuini ilikuwa nusu shamba, nusu mji, na ilikuwa haijaamua. Ploti yetu ilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati vinavyotazamana, kisima katikati, na kamba za nguo zikipita juu kutoka upande huu hadi ule. Wengi wetu tulitoka magharibi, Bungoma na Kakamega na Busia, wazazi wamekuja kutafuta. Ng'ambo ya ua wa miti ya miiba ya kaiyaba kulikuwa na shamba la mama mmoja mzee, mwenye ng'ombe mmoja, nyasi za nepia, na mwanawe mmoja aliyeitwa Karis. Karis ndiye aliyetuletea maziwa kila jioni. Alikuwa mrefu, mkimya, miguuni gambuti za mpira za zizini kiangazi na masika.

Karis alikuwa amefungwa. Hilo hata sisi watoto tulilijua, kwa sababu wakubwa walipoliongea walishusha sauti, na hakuna kitu humfungua mtoto masikio kama sauti iliyoshushwa. Alikuwa akifanya kazi ya mjengo, akaanguka, mkono ukavunjika, na mkono ulipopona kazi ilikuwa imeshapata mwingine. Ndipo akaanza kung'oa mita za maji za watu na kuziuza kama chuma chakavu. Alishikwa, akafungwa, akamaliza, akarudi kwa mama yake na ng'ombe. Watu walinunua maziwa yake, maana yalikuwa mazuri na hayakutiwa maji. Lakini akishatoka tu getini, utasikia mtu akisema, "Huyo ni wa kuangaliwa."

Mimi nilikuwa na miaka tisa na akili zangu timamu, au ndivyo nilivyodhani. Nilidhani wizi ni kazi ya mtu fulani, kama vile kukusanya kodi ilikuwa kazi ya Baba Shiku, mzee aliyeisimamia ploti na ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa usalama wa mtaa. Mutuini mwenye kazi ya wizi alikuwa Karis. Mtu akipoteza kuku au kandambili, mawazo yangu yalikwenda kwake moja kwa moja, bila chuki yoyote.

Sasa, mtoto wa ploti hufundishwa kuchunga nguo kabla hajafundishwa kuzifua. Mama akishaanika, unaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na unaangalia kamba. Huchezi mbali. Ukibanwa na haja unamwita mwenzako ashike zamu. Jumamosi nzima utatukuta tumepangana kwenye ndoo zetu, kila mmoja na kamba ya kwao, tukitukanana kwa furaha. Nguo zikipotea ni za mama lakini kipigo ni chako, na hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la ajabu. Kichekesho ni kwamba baba yangu alikuwa askari wa usiku huko Westlands. Alilinda mali ya watu usiku kucha na mchana akalala kama gogo, na mimi nikalinda suruali zake.

Mama yangu alifulia watu. Siku tatu kwa wiki alikwenda Westlands kwa mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Dipa, ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Wiki hiyo mifereji ya kwa Mama Dipa ilikauka, na wageni wa harusi walikuwa njiani. Alikuwa na shuka nyeupe za wageni, zilizodariziwa maua pembeni kwa mkono wa marehemu mama yake. Mama, kwa kile kiherehere chake cha kutaka kusifiwa kazini, akajitolea, "Nipe niende nazo kwetu. Sisi tuna kisima." Hakuombwa. Alizibeba kwa basi, zimefungwa kwenye leso yake bora, akazifua Jumamosi asubuhi kwa mikono aliyoiosha mara tatu kwanza. Alipozianika ploti nzima ilitoka kuzitazama.

Jumamosi hiyo mwenye ploti alikuwa na ruracio, mahari ya binti yake ikipokelewa, pale chini ya barabara. Kila mtu alialikwa, na watoto wenzangu wote wakaenda kunusa pilau. Mama alihitajika jikoni.

"Wewe utabaki," akaniambia. "Hizi si zetu. Umesikia, Nafula? Ukitoka hapo nitajua. Na usimwamshe baba yako. Nitakuletea sahani yako."

Nikakaa. Ploti tupu ina kimya chake cha pekee. Nilisikia baba akikoroma, na nyimbo za akina mama zikija kutoka chini, na hewa ilianza kuwa nzito kama inavyokuwa kabla ya mvua ya mchana.

Ndipo akaingia mama mmoja. Sikumjua, lakini siku hiyo Mutuini ilijaa akina mama nisiowajua, wote na vitambaa vizuri kichwani, na chake kilikuwa cha rangi ya chungwa. Hakunyemelea. Aliingia getini kama mtu anayeingia kwake, akatazama mbingu, akasema, "Hujambo mwanangu? Mama yako amenituma. Amesema tuanue kabla mvua haijatupata."

"Sijambo, aunty. Shuka ama zote?"

"Hizi nyeupe tu. Zingine bado ni mbichi."

Aliomba maji ya kunywa kwanza. Nikampa kikombe, akanywa, akaomba kingine, akakinywa bila kupumua. Niliona ndala zake zilikuwa zimeshonwa kwa waya. Niliziona tu, kama mtoto anavyoona vitu, bila kuzihesabu kuwa ni neno.

Kisha tukafanya kazi. Yeye alitoa vibanio akinipa, mimi nikavirudisha kwenye mkebe wetu, kimoja kimoja, kama nilivyofunzwa. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja ikatoka sawa, kwa hiyo alishika ncha mbili na mimi mbili, tukaikung'uta, tukaivuta, kisha mimi nikaenda kwake kumpa ncha zangu, na vidole vyetu vikakutana. Akarudi nyuma, nikamfuata tena. Tulikunja zote hivyo. Mimi nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu mama alikuwa hajaniruhusu bado kukunja shuka za kazi. Yule mama akanitazama, akasema, "Umefundishwa vizuri sana wewe." Jamani, nilivimba kichwa! Nikamletea beseni letu jipya aziweke. Nikamfungulia geti. Nikamwambia, "Pole na kazi, aunty."

Haikupita robo saa, mvua ikaanza kudondoka, na nikamsikia mama akipiga kelele tangu barabarani: "Nafula! Anua nguo! Nafula, anua hizo shuka!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu aliyetuma mtu haji mwenyewe akikimbia. Nakumbuka nikitazama kamba ya shuka ikiwa tupu, na mama akitokea getini, sahani yangu ya pilau imefunikwa kwa sahani nyingine mkononi. Nilikuwa na muda mfupi sana wa kuchagua, na nilichoogopa zaidi si kipigo. Ni aibu. Ningesemaje kwamba nilimsaidia? Kwamba nilimpa maji, na beseni, na pole ya kazi?

"Shuka ziko wapi?"

"Mwizi!" nikasema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Amezianua akaruka ua!"

"Mwizi gani?"

"Mwanaume."

Maana mwizi kwangu alikuwa mwanaume, anakimbia, na anaruka ua. Sahani ilianguka. Baba akatoka na rungu na kaptura, macho hayajafunguka. Watu wakarudi kutoka kwenye sherehe, wengine bado na mifupa mkononi, wakanizunguka. Baba Shiku akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole mkubwa.

"Usilie, mama. Alikuwa mrefu ama mfupi?"

"Mrefu."

"Alikuwa amevaa gambuti?"

Nusu ya Mutuini ilikuwa na gambuti. Nikaitikia kwa kichwa. Akainuka, akawatazama wenzake, na hakuna aliyetaja jina. Sikumtaja Karis mimi, hilo nimejiambia miaka mingi. Lakini aliyesimama kichwani mwangu nilipoitikia alikuwa yeye, tena nilimwona wazi. Alikuwa mwizi tayari, nikawaza. Shuka chache zaidi zingempunguzia nini?

Hakuna aliyempiga. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu tukisikia habari kama hizi tunangoja mawe na tairi. Watu wetu waliacha tu kununua maziwa. Jumapili jioni alikuja kama kawaida, akaita "Maziwa!" na milango yote ikawa imefungwa, huku redio zikisikika ndani. Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne mama mmoja alimfungulia akamwambia siku hizi wanakunywa chai ya mkandaa, tumbo la mtoto halitaki maziwa. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pale anakula mkate, anashangaa. Kabla wiki haijafika katikati hata mimi nilijua kwamba maziwa yale yalikuwa yakigandia nyumbani kwao.

Jumatatu hiyo ilikuwa likizo ya shule na mama alinichukua twende wote kwa Mama Dipa. Nafikiri hakutaka kwenda peke yake. Mama Dipa alikuwa mtu wa kuongea polepole, hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama jikoni kwake, mkono mmoja juu ya meza.

"Rosa, zilikuwa za mama yangu," akamwambia mama.

"Najua, mama."

"Zilikuwa kwako siku ngapi?"

"Moja tu."

"Na hakuna mtu wa kwako anajua zilipo? Sisemi ni wewe. Nauliza tu."

Niliuona uso wa mama ukibadilika. Akanyoosha mgongo, akasema haraka, "Mwizi anajulikana. Ni jirani, alikuwa jela. Mtoto huyu alimwona kwa macho yake. Watamshika." Na Mama Dipa akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu yake safi, na akashusha pumzi, akasema basi, kama anajulikana ni sawa. Kazi ya mama ikapona hapo. Njiani kurudi tukafika Waithaka. Hapo mama akasema, si kwangu hasa, "Hakuna kitu kinauma kama kuulizwa tu."

Siku ya Ijumaa Karis hakuita kutoka kisimani. Alikuja mpaka mlangoni kwetu. Sisi ndio tulikuwa wateja wake wa kwanza alipotoka jela. Mama ndiye aliyewaambia wengine kwamba maziwa ni safi. Aligonga mara mbili. Mama alikuwa ameketi kitandani, sufuria ya maziwa, tupu, mapajani, na hakuinuka.

"Mama Nafula," akasema nje ya mlango. "Hata wewe?"

Mama akaishika kwa nguvu sufuria ile kama mtu atakayenyang'anywa. Tukasikia gambuti zikiondoka taratibu kwenye matope. Nilitaka kusema wakati ule, haki ya Mungu nilitaka. Lakini uongo wa mtoto ni kama fundo la uzi mbichi; kila siku iliyopita ulikuwa umekauka zaidi, na sikujua nianzie wapi kuufungua.

Jumamosi mchana Baba Shiku aliita mkutano hapo hapo uani. Viti vilitolewa. Karis aliletwa kutoka shambani akiwa bado na vipande vya nepia kwenye sweta, na mama yake mzee akamfuata, amemshika mkono wa sweta kama vile mtu anavyomshika mtoto anayevuka barabara.

"Karis," Baba Shiku akasema, "hapa hakuna mtu anataka fujo. Tutaenda na wewe stesheni polepole. Serikali iamue."

"Na faili yako iko huko tayari," mwingine akaongeza.

Kijana mmoja wa mjengo, mpangaji mwenzetu, akasema kutoka nyuma, "Stesheni ya nini? Ataingia leo atoke kesho. Si tummalizie hapa hapa?" Na wengine wakaguna ule mguno ambao si ndiyo wala si hapana. Baba Shiku hakumkemea. Nilingoja amkemee, na hakumkemea.

Karis alisema, "Mita za maji niliiba. Niliulizwa, nikasema niliiba. Nikafungwa, nikamaliza. Hizo shuka hata rangi yake siijui."

"Mtoto alikuona."

"Basi aseme yeye."

Nikasukumwa mbele. Baba Shiku akaniwekea mkono begani, mkono mzito, akaniambia niseme nisiogope, wote pale ni wazazi wangu. Nikamtazama Karis. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni, nadhani, maana siku zote nilikuwa nikitazama chombo cha maziwa. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa anaogopa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba mwizi huogopa.

"Si yeye," nikasema.

"Ati?"

"Si yeye. Hakukuwa na mwanaume. Alikuwa mama mmoja na kitambaa cha rangi ya chungwa. Alisema ametumwa. Mimi nilimsaidia kukunja."

Watu walicheka. Kweli kabisa, walicheka. Mmoja akasema, "Woi, mtoto ametishwa huyu." Mwingine akasema nimemwona mama mzee wa Karis analia, nimeingiwa na huruma. Baba Shiku akanipapasa kichwa. "Ni sawa, ni sawa. Uliogopa. Mchukueni akae." Nikalia kwa sauti, nikasema ni ukweli, nilimpa maji, nilimpa beseni, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Walikuwa wameshapata mwizi wao. Hawakuhitaji mwingine. Yule kijana wa mjengo alikuwa ameanza kusogea mbele.

Mama akainuka.

"Nafula. Vibanio nani alitoa?"

"Yeye alitoa. Mimi nikaweka kwa mkebe."

Mama akafumba macho kidogo. Kisha akawageukia watu.

"Vibanio vilikuwa kwa mkebe," akasema. "Vyote. Niliviona siku hiyo hiyo, kabla hamjafika hapa. Niambieni nyinyi mnaojua wezi: kuna mwizi wa kuruka ua anakaa chini kukusanya vibanio?"

Yule kijana wa mjengo akasimama pale alipofika.

"Nilijua kuna kitu mtoto amenificha. Nilijua, nikanyamaza wiki nzima. Mama wa Westlands aliniuliza kama ni mimi, na mimi nilikuwa nataka mwizi wa kumwonyesha. Huyu kijana alikuwa karibu." Akanivuta kwake. "Sina ingine ya kusema. Kama mnataka mtu wa kupeleka, mtoto ni wangu na shuka zilikuwa kwangu."

Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu wakati huo, yenye viyoyozi na maji ya chupa, na sijaona mtu akijivua nguo mbele ya watu kama mama alivyofanya siku ile. Baba, aliyekuwa ameegemea mlango wetu, alikuja akasimama karibu naye.

Baba Shiku akakohoa. Alichosema baadaye kilinifanya nielewe kitu kuhusu watu ambacho sijaweza kukisahau. Hakumgeukia Karis. Alinigeukia mimi, tena kwa hamu. "Sasa huyo mama. Alikuwa anafanana vipi? Mnene? Mwembamba? Ni wa huku?" Na wote wakasogea, na yule kijana naye akasogea. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nazikumbuka zile ndala zilizoshonwa kwa waya, nazikumbuka hadi leo, mtu angeweza kumtambua kwazo sokoni kesho yake.

"Mwacheni mtoto," Karis akasema.

Hakupaza sauti. "Amechoka. Mwacheni." Kisha akamshika mama yake mkono, wakapita katikati yetu wakatoka. Hakuna aliyewazuia na hakuna aliyewaomba msamaha. Viti vilirudishwa ndani. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kisimani, "Lakini hata hivyo ni vizuri ajue tunamwangalia."

Jumatatu mama alikwenda Westlands akasema ukweli wote. Hakufukuzwa. Mama Dipa alimshukuru kwa kusema, na tangu siku hiyo ufunguo wa kabati la vitambaa, ambao zamani ulikaa mlangoni, ukakaa kiunoni mwake mwenyewe Mama Dipa. Mama alifanya kazi pale miaka mingine mingi. Yule mama wa shuka sikumwona tena. Nikiwa mdogo nilimchukia. Siku hizi nikimkumbuka, ninachokiona ni vile vikombe viwili vya maji, na ninajiuliza alikuwa ametembea kutoka wapi.

Karis hakuleta tena maziwa kwenye ploti yetu. Wengine walianza kununua ya pakiti dukani, wakasema ni ghali, wakalalamika kana kwamba kuna mtu amewakosea. Mama alichukua sufuria yake akaenda yeye mwenyewe, akazunguka ua wa kaiyaba, akasimama getini kwao kama mteja mgeni. Karis alimuuzia. Alipima vizuri, akaongeza ile nyongeza ya desturi, akafunika. Mama akamwambia, "Asante, Karis. Habari ya jioni?" Karis akarudi zizini.

Ikawa hivyo kila jioni, miaka. Mama hakuacha kumsalimia, na yeye hakuitikia hata siku moja. Lakini mimi nikitumwa peke yangu alinisalimia. "Sasa Nafula, shule iko aje?" Alinionyesha ndama. Alinicheka nilipoanguka kwenye samadi, akanichotea maji ya kunawa. Jambo hilo lilinisumbua sana, kwa sababu nilijua vizuri nani alidanganya.

Nilipokuwa karibu kwenda sekondari nikapata ujasiri. Alikuwa ananimiminia maziwa. Nikamuuliza, "Karis, mimi ndiye niliyesema uongo. Mbona mama ndiye humwitikii?"

Akamaliza kumimina. Akaongeza nyongeza, akafunika sufuria, akanikabidhi kwa mikono miwili ili isimwagike.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema.

Nikarudi nyumbani polepole. Mama alikuwa amewasha jiko, akapokea sufuria, akaniuliza bila kunitazama, kama alivyoniuliza kila nilipotoka huko, "Amesema kitu?"

Nikamwambia hapana, hajasema kitu.